Difu ya Gari la Maiti

Mwaka jana tulimzika kaka yangu Elinami, na mwaka huu mwanawe Baraka amekuja kunisumbua kwa habari za gari. Alikuja hapa kwangu Upanga Jumapili mchana, akanipa shikamoo ya haraka haraka, akajitupa kwenye kochi na kuanza kunionyesha picha kwenye simu. Gari lenyewe ni lile lile la baba yake, saluni ya Kijapani ya zamani, rangi ya maziwa, ambalo limekaa miaka mingi uani chini ya turubai. Baraka anataka kulifufua. Ameshapata injini yenye nguvu kuliko hata ile aliyoiweka baba yake, na sasa fundi wake anamwambia achague upya difu ya nyuma, maana injini kubwa kwenye difu dhaifu ni sawa na kumtwisha mtoto gunia. "Shangazi," akaniambia, "hii iliyopo fundi haielewi ni ya gari gani. Si ya saluni, si ya pikapu. Mzee hakuwahi kuniambia. Niitoe au niiache?" Nilimchemshia chai, nikampa na kitumbua, nikamwambia nitamjibu. Hili ninaloandika ndilo jibu, na najua litamchosha, kwa sababu yeye aliuliza swali fupi.

Habari za babu yetu na jinsi alivyoshuka mlimani sitaziandika. Kila Mchaga akishika kalamu huanza na babu, kahawa na shule ya misheni, na msomaji anasinzia kabla hajafika mjini. Inatosha kujua kwamba mwaka ule difu hiyo ilipofungwa mimi, Ndeshi, nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, sijaolewa, nina mdomo ambao majirani waliusema vibaya. Kaka Eli alikuwa amenizidi kidogo. Tuliishi na Mama nyuma ya duka lake la nafaka Kariakoo, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, katika vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa mbao. Mbao zile hazikufika darini. Juu paliachwa uwazi wa kupitisha hewa, na kwa uwazi ule kila neno lililosemwa chumba kimoja lilidondokea chumba cha pili. Kulikuwa na harufu ya mchele mpya, magunia na mafuta ya taa, na mchana joto lilikuwa zito kiasi kwamba tulikula mlo wetu mlangoni, sahani mapajani, tukiangalia miguu ya wapita njia. Mpaka leo nikikaa peke yangu kwenye sebule hii kubwa, na mlango unaofunga vizuri, nafsi yangu haitulii. Nimezoea kusikia mtu akipumua upande wa pili.

Mwaka ule aliyekuwa akipumua upande wa pili alikuwa Mama, na alikuwa akipumua kwa shida. Alianza kuumwa tumbo wakati wa mvua za masika. Tukampeleka hospitali, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, mpaka daktari mmoja mwenye sura ya huruma akatuita pembeni na kutuambia tumrudishe nyumbani tumpe anachopenda. Alichopenda kilikuwa mtori wa ndizi, na mtori wenyewe alikuwa akionja vijiko viwili vitatu kisha anausukuma. Lakini kulikuwa na jambo jingine alilolipenda zaidi, na alitwambia siku moja huku nikimfunga kilemba. "Nataka kwenda nyumbani," akasema. "Na nataka kufika nimekaa. Watu wote wa hapa Kariakoo ninaowajua, wanaporudi Moshi kwa mara ya mwisho wanarudi wamelala. Mimi nataka kufika nimekaa, nishuke kwa miguu yangu, wifi yangu anione." Nilicheka, nikamwambia atashuka akiruka. Hakucheka. Mama alikuwa mtu wa utani mwingi, kwa hiyo asipocheka unajua maneno yamefika mwisho.

Mabasi hakuyaweza tena. Kiti cha basi kilikuwa kinamkata mgongo. Ndipo Eli akasema tutampeleka kwa saluni yake. Gari lile alilinunua halina injini, na yeye, kwa ujana wake, akaliwekea injini ya silinda sita iliyotoka kwenye gari kubwa kuliko lile. Mama alipoliona mara ya kwanza likiunguruma mbele ya duka alisema, "Umemvalisha bibi kizee viatu vya mbio." Na kweli. Siku moja Eli alikuwa akipanda kutoka Jangwani, akakanyaga mafuta kwa sifa, pakasikika mlio wa chuma, na gari likasimama pale pale huku injini ikiendelea kujisifu. Difu ilikuwa imekatika meno. Kwa asiyejua, difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Linapokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Likikatika ukiwa unatembea taratibu mjini, unashuka unatafuta watu wa kusukuma. Meno yakijikaba ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, magurudumu ya nyuma yanagoma kuzunguka na gari linaenda linakotaka lenyewe.

Fundi wetu aliitwa Mbwana, mtu wa Tanga, mnene, mpole, gereji yake ilikuwa Gerezani chini ya bati lililotobokatoboka. Alilala chini ya gari, akatoka na mafuta meusi viganjani yenye vipande vinavyong'aa, akatuonyesha kama mtu anayeonyesha dhahabu. "Injini inajisifu tu," akasema. "Anayefanya kazi ni huyu. Mmempa kazi asiyoiweza." Akatueleza njia zilizokuwepo. Tungeweza kununua difu ya saluni ile ile, ikaingia bila tabu na kuvunjika tena, na safari hii ingevunjikia porini. Tungeweza kuchukua ya pikapu, ambayo ina nguvu za punda lakini mwendo hauna: injini ingepiga kelele, ichemke, gari lisiende, na tena ekseli yake ni pana, matairi yangechomoza nje ya bodi. "Mgonjwa wenu atafika ametikiswa mpaka mifupa," akasema. Eli akamuuliza kama hakuna ya katikati. Fundi Mbwana akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. "Ipo," akasema. "Kwa Bwana Harish. Nendeni mkaione wenyewe, mimi sitaki niseme."

Bwana Harish alikuwa Mhindi wa Upanga aliyeuza spea zilizotumika kwenye uchochoro mmoja unaotokea Msimbazi. Alivaa shati jeupe siku zote katikati ya chuma kile chote chenye mafuta, na sijui alifanyaje, kwa sababu sikuwahi kuona doa. Duka lake lilikuwa refu na jembamba. Kadiri ulivyoingia ndani, kelele za Kariakoo zilipungua, za wapiga debe, za mikokoteni, za kaseti, mpaka mwisho ulisikia pumzi zako na viatu vyako. Difu ilikuwa kule mwisho, peke yake, juu ya mbao mbili. Spea nyingine zote zilirundikwa moja juu ya nyingine. Hii hakuna kilichoigusa. Nilipouliza kwa nini, Bwana Harish alisema vijana wake hawapendi kuweka kitu karibu nayo, na yeye hawezi kugombana na vijana kila siku.

"Sikufichi, dada," akaniambia. "Hii imetoka kwenye gari la maiti. Limetengenezwa na wale wale waliotengeneza saluni yenu, lakini lile refu la mzigo, ndiyo maana ekseli itaingia bila kukata kitu. Nguvu inayo, mwendo unao. Gari halikupata ajali wala kuharibika njiani. Bodi ilikula kutu tu, wakalikata." Eli akainama, akaizungusha kwa mkono. Ilizunguka laini, bila sauti. Bwana Harish akaongeza, kwa upole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Sisi tunachomwa hapa hapa mjini, safari yetu fupi. Nyinyi ndugu zetu Wachaga mnasafiri sana mkishakufa. Gari hili lilikuwa kila mara ni Moshi, Rombo, Machame. Linaenda limejaa, linarudi tupu." Nilisikia ubaridi shingoni, na siku ile ilikuwa ya joto la kutoa jasho hata ukikaa. Nikamvuta Eli shati tukaondoka.

Jioni ile tuligombana. Tulikaa kwenye magunia upande wa duka, sauti chini, Mama amelala ng'ambo ya mbao. Mimi nilisema ni heri difu ya pikapu na kelele zake, kuliko kumpakia Mama juu ya chuma kilichobeba maiti wa nusu ya mkoa. Eli alisema chuma ni chuma. Nikamwambia kama chuma ni chuma mbona yeye mwenyewe alipoishika aliipangusia mikono kwenye suruali. Akaitazama suruali yake. Ndipo sauti ya Mama ikapita juu ya mbao, tulivu kabisa, sauti ya mtu ambaye hakuwa amelala hata kidogo. "Gari hilo liliwahi kuharibika njiani?" Tukatazamana. Eli akasema Bwana Harish alisema halikuwahi. "Basi limewafikisha wote," Mama akasema. "Hakuna hata mmoja aliyelala Korogwe akisubiri spea. Nendeni mkachukue hilo." Nikaanza kubisha. Akanikatiza: "Ndeshi, mwenye safari ni nani?" Ndivyo difu ilivyochaguliwa. Nimesikia watu wakieleza sababu nyingi za kuchagua spea, na Baraka juzi alinitajia nyingine ambazo hata sikuzielewa, lakini sababu ya Mama naona bado inasimama.

Fundi Mbwana alikubali kuifunga kwa sharti moja, kwamba aifunge mchana kweupe na sisi tuwepo. Aliiosha kwa petroli, kisha akaiosha tena kwa maji safi, jambo ambalo hakuna fundi anayelifanya kwa chuma, midomo yake ikitembea polepole. Sikumuuliza anasoma nini. Tulipotoka nayo barabarani, kabla hatujafika hata kona, tukaisikia. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, ikitokea chini ya kiti cha nyuma. Mafundi husema difu inalia, na hawamaanishi chochote zaidi ya kwamba ina sauti. Lakini hii ililia. Ilipanda gari lilipopanda mwendo, ikashuka liliposhuka, na ilipofika chini kabisa ilikuwa na kigugumizi kidogo kama cha mtu anayevuta pumzi. Tukarudi gereji. "Inalia ukivuta au ukiachia mafuta?" Fundi akauliza. Eli akasema yote mawili. Fundi akachukua magunia ya mchele tuliyokuwa tumeyaweka pale gereji kwa ajili ya mteja, akayalaza kwenye kiti cha nyuma, moja juu ya jingine, akatuambia twende tena. Difu ikanyamaza kimya. Tukayaondoa magunia, ikalia.

"Meno yake yamekulana na mzigo," Fundi Mbwana akatueleza, macho yake yakiwa kwenye gari. "Imezoea kulemewa. Ikiwa na kitu kimelala nyuma inatulia. Ikiwa tupu inalia. Haina ubovu. Haitawaangusha." Hayo ndiyo maelezo, na nimewahi kumuuliza mtu aliyesomea mitambo akaniambia yanaweza kuwa kweli kabisa. Mimi ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, sina habari na mashetani. Nasema tu kilichotokea. Tulipomweka Mama kwenye kiti cha nyuma, na mimi pembeni yake, na begi la nguo, difu ililia kama kwamba kiti kile hakina mtu.

Miezi iliyofuata Eli alimzungusha Mama kila Jumapili mchana, ili azoee kukaa. Kariakoo ya Jumapili mchana ni mji mwingine. Maduka yamefungwa, maturubai yamekunjwa, takataka zinatembea peke yake barabarani, na sauti yoyote inagonga kuta na kukurudia. Desturi ilikuwa moja. Eli anafungua mlango wa nyuma wa kushoto, anaushika, anasema, "Haya Mama, ingia, twende." Mama anaingia polepole, mguu mmoja, kisha mwingine, kisha anakunja kanga yake magotini. Eli hafungi mlango mpaka Mama aseme, "Nimo." Kisha tunazunguka, tunashuka mpaka Feri kununua samaki wa kukaanga ambaye Mama hamli ila anapenda harufu yake, tunarudi, na difu inalia kwenye mitaa mitupu mpaka watu wanatokeza vichwa madirishani. Siku moja nilikuwa nyuma ya mbao nikamsikia jirani yetu Mama Zuhura akimwambia mtu mlangoni, kwa ile sauti ya chini inayosikika kuliko kelele: "Ile gari inamlilia mapema." Nilitoka na upawa mkononi. Alipoona uso wangu akasema alikuja kuazima ungo.

Tuliondoka mwanzoni mwa Desemba, kabla Wachaga wote hawajajaza barabara. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akawekewa mito. "Haya Mama, ingia, twende." "Nimo." Difu ililia Kimara, ikalia Chalinze tulipokunywa chai, ikalia Segera. Nilikuwa nimekwisha kuizoea kama unavyozoea mtoto wa jirani. Karibu na Mombo, jua likiwa kali, Mama aliishiwa nguvu. Kichwa kikamdondokea begani kwangu, nami nikamlaza polepole, kichwa mapajani, miguu juu ya kiti. Sauti ikakatika. Haikufifia, ilikatika, na ndani ya gari pakawa na utulivu ambao sijausikia tena, tairi tu juu ya lami. Eli akageuka kunitazama, uso umebadilika rangi. Nikaweka kiganja mbele ya pua ya Mama. Pumzi ilikuwepo. Kisha macho yake yakafunguka. Na yeye alikuwa ameusikia ule ukimya.

"Niinueni," akasema.

"Mama, pumzika kidogo."

"Niinueni! Sijafa."

Tukasimamisha gari, tukamwinua, na mimi nikamfunga kwa kanga mbili kwenye mgongo wa kiti, kifuani na kiunoni, huku nikilia waziwazi. Tulipoondoka difu ikaanza tena. Mama akafumba macho, akatabasamu kidogo. "Iacheni ilie," akasema. "Ikilia najua mimi ni abiria. Ikinyamaza mimi ni mzigo." Hakukubali kulala tena, Same, Mwanga, mpaka Himo, na tulipoanza kupanda kwenda kwetu akaniambia nimfungue kanga asije akaonekana amefungwa kama kuku. Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa amesimama mlangoni. Mama alishuka kwa miguu yake, mguu mmoja, kisha mwingine. "Wifi, umekuja umekaa!" Shangazi akapiga kigelegele, na sijawahi kuona mtu mgonjwa mwenye fahari namna ile.

Alikaa wiki chache. Alikula mtori mwingi kuliko aliokula mwaka mzima, akagombana na Shangazi kuhusu chumvi, akatwambia mara kwa mara kwamba Dar es Salaam harudi tena hata wakimlipa. "Hapa nimefika," alikuwa akisema akipapasa udongo wa kihambani, shamba letu la migomba, kwa fimbo. "Msinihamishe." Alifariki baada ya Krismasi, mchana, amelala kitandani kwake, na sasa alikuwa na haki ya kulala. Tulimzika kando ya migomba. Kanisa lilijaa, pombe ya mbege ilitosha, watu waliaga mwili kwa foleni ndefu. Mambo yote yalifanyika kama inavyopasa, na mimi nilikuwa na huzuni lakini nilikuwa na amani, kwa sababu alichokitaka alikuwa amekipata.

Asubuhi ya kurudi Dar Eli alikuwa amechoka. Shangazi alitaka kutupakia ndizi, maharage, hata jogoo, na Eli akakataa vyote, akasema anataka gari jepesi. Shangazi akanuna. Eli akazunguka gari akitazama matairi, mawazo mbali, na alipofika ubavuni, mkono wake ukafungua mlango wa nyuma wa kushoto. Akaushika. "Haya Mama," akasema, "ingia, twende."

Sote tulisikia. Shangazi aliweka mkono mdomoni. Eli mwenyewe alisimama pale, mlango wazi, kama mtu aliyeamshwa. Kisha akacheka kwa aibu, nami nikacheka ili asiaibike peke yake, akaufunga mlango, tukaingia mbele, tukaondoka. Ilikuwa ni mazoea ya ulimi tu. Mtu akifiwa hukosea hivyo, huweka sahani ya ziada, hubisha hodi chumba kisicho na mtu.

Tulikuwa tumekwisha kuipita Himo ndipo nilipogundua nasikiliza. Nilikuwa nimekaa kichwa kimeinama upande, nikisubiri kitu, na hicho kitu hakikuja. Gari lilikuwa halina mzigo. Buti tupu, kiti cha nyuma hakina hata begi. Na difu ilikuwa kimya. Eli aliongeza mwendo, kimya. Akapunguza, kimya. "Labda imezoea," akasema. Nilikuwa nikimwangalia anavyoendesha. Alikuwa akikwepa mashimo yote, hata madogo, na kwenye tuta alisimamisha gari kabisa kabla ya kulivuka, polepole, kama alivyofanya siku zote tulipokuwa na Mama. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Nilitaka kugeuka nitazame nyuma na shingo ilikataa. Sikuogopa kumwona. Niliogopa kwa ajili yake, kwa sababu hakutaka kurudi, alituomba tusimhamishe, na huyu mjinga wa kaka yangu alimshikia mlango akamwambia aingie. Na Mama hakuwahi kumkatalia Eli kitu.

"Eli," nikasema, "hajasema 'nimo'."

"Asingesema," akajibu. "Hakutaka kuja." Kwa hiyo na yeye alikuwa akiwaza hilo hilo. Tulikuwa karibu na Mwanga. Aliwasha taa ya kukata kona, akatazama kioo cha nyuma, na sijui aliona nini au hakuona kitu, kwa sababu hakuniambia mpaka anaingia kaburini. Akageuza gari.

Tulirudi njia yote bila kusema neno, na difu bila kusema neno. Tulipoingia kihambani Shangazi alitoka jikoni akifuta mikono. "Mmesahau nini?" akauliza. Eli alizima injini. Alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaushika vizuri kwa mikono yote miwili. "Mama," akasema, na sauti yake ikakatika, akaanza upya. "Mama, tumefika. Ni nyumbani hapa. Nilikosea kukuita. Shuka taratibu." Tukasubiri. Tulisubiri kadiri alivyokuwa akichukua kushuka, mguu mmoja, kisha mwingine. Migomba ilikuwa imetulia, hakuna jani lililotikisika. Nilidhani Shangazi atatukemea, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Badala yake alisogea pembeni ya mlango wa nyumba, akaacha nafasi ya mtu kupita, akainamisha kichwa. "Karibu ndani, wifi yangu," akasema.

Eli akafunga mlango wa gari. Safari hii tuliaga kama watu wanaoaga, kila mmoja kwa jina lake, na mbele ya kaburi tukasema tunakwenda wawili. Tuliteremka kilima gari likijivuta lenyewe, injini imetulia, nami nimeshika ukingo wa kiti kwa vidole vyote. Kwenye kona ya mwisho kabla ya lami, difu ikaanza kulia. Nyembamba kwanza, na kile kigugumizi chake, kisha ikapanda, ikajaza gari lote, kiti kitupu na buti tupu. Eli alitokwa na machozi mengi hata akashindwa kuona barabara, akanyoosha mkono kufungua redio ili asiisikie. Nilimshika mkono. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi, furaha ya binti aliyetoka kumzika mama yake na sasa anajua yuko alikotaka kuwa. Nikamwambia aiache ilie, na tukaisikiliza mpaka Dar es Salaam.